Maumivu Madogo ya Mwenzako

Kuna maneno mawili ambayo mgonjwa wa kwetu huyasikia pengine mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe: "Vumilia kidogo." Huambiwa hivyo anapochomwa sindano, anaposafishwa kidonda, anapong'olewa jino. Aghalabu husemwa kwa sauti ya upole, na anayeyasema huwa hana nia mbaya hata chembe. Lakini ukiyatazama kwa makini utaona kwamba yamebeba madai mawili. Dai la kwanza ni kwamba maumivu yanayokuja ni madogo. Dai la pili ni kwamba kazi ya kuyakabili ni ya mgonjwa peke yake. Madai yote mawili hutolewa na mtu ambaye hataumia.

Katika kurasa hizi nataka kuyapima maneno hayo kwa mfano mmoja ambao watu wa rika langu wanaujua, ingawa hawapendi kuuzungumza barazani: uchunguzi wa kibofu cha mkojo kwa kifaa kinachopitishwa katika njia ya mkojo. Swali langu si la kitabibu, maana mimi si tabibu. Ni swali la maadili. Mtu anayemtia mwenzake maumivu kwa nia ya kumsaidia, ana deni gani juu ya maumivu hayo ikiwa ni mafupi, hayana hatari, na huenda yakasahauliwa baada ya siku mbili?

Mfano huu mdogo nimeuchagua makusudi. Maumivu makubwa yamekwisha kupata hukumu yake. Hakuna daktari leo ambaye angempasua mtu tumbo bila kumtia nusu kaputi hali dawa ipo kabatini, kisha akatembea kifua mbele. Penye maumivu makubwa mgonjwa analindwa na sheria, na desturi, na aibu. Penye maumivu ya dakika tano halindwi na chochote ila dhamiri ya mtu aliyesimama kando ya kitanda. Kwa hiyo hapo ndipo dhamiri inapoonekana ilivyo.

Kwa msomaji asiyeujua uchunguzi wenyewe, nitaueleza kwa ufupi. Mtu anapokojoa damu, au anapopata maambukizo ya mkojo yasiyokwisha, au mkojo unapokataa kutoka, daktari huenda akataka kukiona kibofu kwa ndani. Hupitisha mrija mwembamba wenye taa na kamera katika tundu la mkojo mpaka ndani ya kibofu, akatia maji ili kibofu kitanuke, akatazama kuta zake. Kwa mwanamke njia hiyo ina urefu wa kama sentimita 4. Kwa mwanamume ni kama sentimita 20, na ina kona, na karibu na mwisho wake hupita kwenye msuli wa kuzuia mkojo na katikati ya tezi dume. Hapo ndipo wengi husikia uchungu zaidi. Vipo vifaa vigumu vya chuma, ambavyo kwa wanaume aghalabu huhitaji ganzi ya mgongoni au nusu kaputi, na vipo vya kupindika, ambavyo vilienea tangu miaka ya 1980 na humwezesha mtu kuchunguzwa akiwa macho, kisha akaenda zake nyumbani.

Kwetu uchunguzi huu una sababu moja ya ziada. Sisi tuliokulia pwani, tukaoga katika vijito na madimbwi, tunaujua ugonjwa wa kichocho. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa maji baridi, ikaingia mwilini kupitia ngozi, na mayai yake hujichimbia katika kuta za kibofu. Mtoto hukojoa damu, na akitibiwa hupona. Lakini ugonjwa ukikaa miaka mingi, kovu zake zinaweza kuzaa saratani. Mwaka 1994 Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka mnyoo huo katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Kwa hiyo mzee wa pwani anayeona damu katika mkojo wake hana nafasi ya kusema kuwa uchunguzi huu ni anasa ya Wazungu. Anauhitaji, na ataukubali hata ukiwa mchungu. Neno hilo, "atakubali", tutalirudia.

Yafaa pia tukumbuke mahali tulipotoka. Magonjwa ya kibofu ni ya kale mno. Kiapo cha Hippocrates, kilichoandikwa Ugiriki ya kale, kinamkataza tabibu kupasua kwa ajili ya mawe ya kibofu na kumwagiza awaachie kazi hiyo mafundi wake. Mwaka 1658, huko London, kijana aliyeitwa Samuel Pepys alipasuliwa jiwe la kibofu miaka karibu 200 kabla ya dawa ya usingizi kujulikana. Alipona, akalihifadhi jiwe lake, na akawa anaiadhimisha siku ya upasuaji kwa karamu. Aliishi mpaka 1703. Mtu anayefanya karamu kwa sababu hakufa mezani anatuambia jambo kuhusu meza hiyo.

Kifaa cha kutazamia nacho kilikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1806 daktari Philipp Bozzini wa Frankfurt alitengeneza chombo kilichopeleka mwanga wa mshumaa ndani ya mwili. Mwaka 1877 Maximilian Nitze alionyesha huko Dresden kifaa cha kukitazama kibofu kwa mwanga wa waya wa platinamu uliowashwa kwa umeme, huku ukipozwa kwa maji yanayopita. Kitu cha moto namna hiyo kupitishwa mahali hapo! Miaka saba baadaye, mwaka 1884, kijana daktari wa macho huko Vienna, Carl Koller, aligundua kwamba kokeini ikidondoshwa jichoni hulitia ganzi. Hakuwa na nauli ya kwenda kwenye mkutano wa madaktari wa macho Heidelberg, na taarifa yake ikasomwa na mwenzake mwezi Septemba mwaka huo. Haukupita muda, kokeini ikaanza kutumika hata katika njia ya mkojo. Ilisaidia, lakini ilikuwa na sumu, na wapo iliowaua. Mwaka 1943, huko Stockholm, Nils Löfgren na Bengt Lundqvist walitengeneza dawa iliyo salama zaidi, nayo ni lidokeini, ambayo katika hospitali zetu imezoeleka kwa jina la lignokeini. Lundqvist aliijaribu mwilini mwake mwenyewe. Iliuzwa kuanzia 1948 kwa jina la Xylocaine, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, ilikuwemo.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Kwa muda mrefu kupita kiasi binadamu hakuwa na dawa ya maumivu ila subira. Methali zetu za subira zilizaliwa katika zama hizo, na zilikuwa za kweli. Huwezi kumwambia mtu jambo bora kuliko "subira yavuta heri" ikiwa huna kitu kingine cha kumpa. Tatizo huanza pale ambapo kitu cha kumpa kimepatikana, kiko mezani, na bado tunampa methali.

Sasa nije kwenye jeli yenyewe. Kwa uchunguzi wa mtu aliye macho, hutumika jeli yenye lidokeini, aghalabu ya asilimia 2, inayotiwa katika njia ya mkojo kabla ya kifaa. Kazi yake ni mbili: kulainisha njia na kuitia ganzi. Kazi ya kwanza hufanyika papo hapo. Kazi ya pili haifanyiki papo hapo. Neva hupeleka habari ya maumivu kwa mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo hutokea chembe za sodiamu zinapoingia katika neva kupitia vijilango. Lidokeini huviziba vijilango hivyo. Lakini ili ivifikie lazima ipenye utando wa njia ya mkojo, kisha iingie ndani ya neva, na safari hiyo huchukua dakika kadhaa. Wataalamu wengine hutaja tano, wengine kumi, wengine kumi na tano. Hakuna anayetaja sifuri.

Mimi nimechunguzwa hivi mara mbili, mwaka 2016 na mwaka uliofuata, katika hospitali mbili tofauti, kwa kifaa cha kupindika cha namna moja. Mara ya kwanza jeli ilitiwa na kifaa kikafuata kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Niliambiwa, "Vumilia kidogo, mzee." Nikavumilia, kwa kukishika chuma cha kitanda. Mara ya pili muuguzi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, aliitia jeli polepole, akanieleza kwamba hata jeli yenyewe huwasha ikisukumwa kwa haraka, kisha akatazama saa ya ukutani. "Babu, tunaisubiri ifanye kazi," akasema. Tukaisubiri. Alinipa habari za shamba lake la korosho. Baada ya dakika kumi daktari akaingia, na nilichokisikia kilikuwa msukumo usiopendeza, na penye tezi dume uchungu wa kukunja uso, basi. Majibu ya mara zote mbili yalikuwa mamoja: kovu la kichocho cha utotoni, wala si saratani. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Mtu mmoja na mara mbili haviwezi kuwa ushahidi wa kitabibu, na sivileti kama ushahidi. Ninavileta kwa sababu vilinifundisha kuiona tofauti ilipo. Dawa ilikuwa ileile, na bei yake ileile. Kilichopatikana mahali pamoja na kukosekana pengine ni dakika kumi. Mara ya kwanza nilinyimwa muda tu, na kwa kunyimwa muda, ile dawa ikageuka kuwa mafuta ya kulainishia. Hakuna daftari la hospitali litakaloonyesha kosa hapo. Daftari litasema: jeli ya ganzi imetumika. Na itakuwa kweli.

Wako watakaoniambia kwamba nalikuza jambo dogo, na hoja zao nimezisikia, tena kwa watu ninaowaheshimu. Nitazichukua moja moja.

Hoja ya kwanza husema: maumivu yenyewe ni madogo. Huenda ni kweli kwa wengi. Lakini nani aliyeyapima? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata madaktari wenyewe, wanapotaka kujua ukubwa wa maumivu katika utafiti, hawana mizani nyingine ila kumwomba mgonjwa ataje namba kutoka sifuri hadi kumi. Hakuna kipimo cha damu kwa maumivu, wala picha inayoweza kusema kwa hakika, "huyu anaumia kwa kiasi hiki." Jambo hilo lina uzito wa kimaadili. Ikiwa shahidi ni mmoja tu duniani, na shahidi huyo ni mwenye mwili, basi mtu mwingine akisema "ni kidogo" hajapima kitu. Amesema tu kwamba yeye hakusikia. Dada yangu, aliyezaa watoto sita, alipokunja uso wakati wa uchunguzi huu aliambiwa, "Mama, wewe umezaa, hiki ni kitu gani?" Kana kwamba maumivu ya zamani ni akiba aliyoweka benki, na sasa anatakiwa akatoe humo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inatoka katika mila zetu na katika hekima ya mataifa mengi. Inasema kwamba uvumilivu ni sifa njema, na kwamba jamii inayokimbia kila uchungu itazaa watu legelege. Wavulana wa kwetu walitahiriwa jandoni bila ganzi, na aliyelia alitiwa aibu. Je, tulikosea kuwathamini waliokaza meno?

Siidharau hoja hii, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto wa mila hizo. Lakini tuangalie vizuri. Jandoni maumivu yalikuwa na maana. Yalikuwa mlango, na upande wa pili wa mlango palikuwa na jina jipya, nguo mpya, na ngoma ya mama zetu. Mtu anaweza leo kuikubali au kuikataa desturi ile, lakini hawezi kusema kwamba uchungu ulikuwa wa bure machoni pa walioutoa. Katika chumba cha uchunguzi wa kibofu hakuna mlango wa namna hiyo. Mzee wa miaka 70 hatoki humo akiwa mwanamume zaidi. Uchungu wake hauna mafunzo yoyote, hautangazi kitu, haumpeleki popote. Ni gharama tu, na gharama ambayo inaweza kupunguzwa ni lazima aulizwe anayeilipisha kwa nini hakuipunguza.

Zaidi ya hapo, lugha yetu ina hekima ambayo hoja hii inaisahau. Sisi tuna kuvumilia, na tuna kuvumilishwa. La kwanza ni tendo langu, ninalolifanya kwa nguvu ya moyo wangu, na sifa yake ni yangu. La pili ni tendo la mtu mwingine juu yangu. Cicero anasimulia habari za Posidonius, mwanafalsafa wa Rhodes, ambaye alitembelewa na jemadari Pompey wakati anateswa vibaya na maumivu ya viungo. Aliendelea kumpa mgeni somo lake, na uchungu ulipomzidi aliyaambia maumivu kwamba hata yafanye nini hatakiri kuwa ni uovu. Ni kisa cha kupendeza, na wafuasi wa Stoa walikuwa na haki ya kujivunia mwenzao. Lakini ona nani aliyesema. Alisema mgonjwa. Lau maneno yaleyale yangetoka kinywani mwa Pompey, amekaa kwenye kiti akimwambia aliyelala, "Hayo si uovu, endelea kufundisha," tusingeyaita falsafa. Uvumilivu ni kama sadaka: thamani yake yote imo katika kutolewa na mwenyewe. Ukiuchukua kwa nguvu mfukoni mwa mtu, huwezi kumwambia kwamba ametoa sadaka.

Hoja ya tatu ni ya foleni, nayo ni hoja ya kweli. Daktari mmoja, wagonjwa 30 kwenye benchi, wengine wametoka mbali na basi la jioni haliwangojei. Dakika kumi mara 30 ni saa tano. Je, si dhuluma kumpa mmoja dakika kumi za starehe kwa kumnyima mwingine uchunguzi unaoweza kuokoa maisha yake? Ingekuwa hivyo, ningenyamaza. Baina ya maumivu ya dakika tano na saratani isiyoonwa, nisingekuwa na la kusema.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro. Dakika za jeli si dakika za daktari. Kila mpishi analijua hili: hasubiri mbele ya sufuria mpaka maharage yalowane, huyaloweka, akakata vitunguu. Mgonjwa wa pili anaweza kutiwa jeli wakati wa kwanza anachunguzwa, na wa tatu akavua nguo wakati wa pili anasubiri. Kinachohitajika ni kitanda cha ziada nyuma ya pazia, muuguzi, na mtu aliyekaa chini siku moja akafikiri namna ya kupanga. Najua kuna mahali ambapo hata hicho kitanda cha ziada hakipo, wala huyo muuguzi wa pili. Hapo simlaumu aliye kazini, na mgonjwa akielezwa ukweli ataelewa. Lakini sehemu nyingi hoja ya foleni hutajwa na watu ambao hawajawahi kujaribu kuipanga upya. Mpangilio wa kazi nao ni jambo la maadili. Ukatili wa hospitalini mara chache hutokana na mtu mkatili. Zaidi hutokana na ratiba ambayo hakuna aliyeitazama kwa jicho la anayelala chini.

Hoja ya nne ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu inatoka kwa wenye elimu. Inasema: hata hiyo jeli haina uhakika. Na ni kweli kwamba watafiti waliolinganisha jeli ya lidokeini na jeli tupu, kwa wanaume wanaochunguzwa kwa kifaa cha kupindika, hawakukubaliana. Majaribio mengine yaliona nafuu, mengine hayakuona tofauti ya maana, na hata waliokusanya majaribio hayo pamoja na kuyapima upya walifikia hitimisho tofauti. Sababu moja inayotajwa ni kwamba muda wa kusubiri haukuwa sawa katika majaribio yote. Nyingine ni kwamba vifaa vya siku hizi ni vyembamba, na uchungu wenyewe umepungua. Basi, huuliza mwenye hoja, deni liko wapi ikiwa dawa yenyewe ina shaka?

Nimeitafakari hoja hii, na naona inatusaidia kuliona deni lenyewe kwa usahihi zaidi. Kama deni lingekuwa ni kumpaka mtu dawa fulani, basi shaka juu ya dawa ingekuwa shaka juu ya deni. Lakini deni ni kutoacha bila kufanywa lile linaloweza kufanywa. Watafiti haohao wameona kwamba wanaume wanaoruhusiwa kuitazama picha ya kibofu chao kwenye skrini wakati wa uchunguzi huripoti maumivu pungufu. Wameona kwamba kuuminya mfuko wa maji wakati kifaa kinapita kwenye msuli, ili maji yaifungue njia, hupunguza uchungu. Kuitia jeli polepole husaidia. Kumwambia mtu alegeze mwili kama anayetaka kukojoa, kumweleza kitakachofuata kabla hakijafuata, haya hayahitaji hata senti moja. Siku ikija utafiti ukathibitisha kwamba lidokeini haina faida hapa, nitakubali iachwe, maana kumpa mtu dawa isiyosaidia ili ajione anahudumiwa si wema. Lakini aliyeacha kusubiri dakika kumi hakuacha kwa sababu alisoma utafiti. Angekuwa ameusoma, angeuminya mfuko wa maji.

Mtu ataniuliza: na mgonjwa mwenyewe, je? Hana mdomo? Kwa nini asiseme, "Daktari, subiri kidogo ganzi ishike"? Ni swali la haki, na ninawahimiza wasomaji waliseme neno hilo siku wakihitaji. Ni haki yao na madaktari wengi hawatachukia. Hata hivyo tusisahau hali ya mtu huyo. Amevuliwa nguo za chini mbele ya vijana. Ana hofu ya saratani. Amengoja miezi kupata nafasi, na anaogopa kwamba akionekana msumbufu ataambiwa arudi mwezi ujao. Nilisema hapo mwanzo kwamba mzee huyo "atakubali". Bila shaka atakubali. Lakini kukubali kwa mtu asiye na njia nyingine hakumpunguzii deni anayekubaliwa; kunamwongezea. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, wakiwa na maana kwamba mwenye shida asingojwe aombe, apelekewe. Sisi tumeigeuza methali hii. Tumeifanya iwe na maana kwamba mgonjwa hana la kuulizwa. Maana ya kwanza ndiyo ninayoitetea: asiulizwe kama anataka ganzi ishike. Ingojwe ishike.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisilione suala hili kuwa dogo. Mwaka 1847 James Young Simpson, daktari wa Edinburgh aliyeanza kutumia klorofomu kwa wanawake wanaojifungua, aliandika kijitabu kizima kuwajibu waliosema kwamba kuondoa uchungu wa uzazi ni kwenda kinyume na dini. Miaka sita baadaye Malkia Victoria aliitumia klorofomu kumzaa mwanawe Leopold. Leo tukisoma habari hizo tunashangaa kwamba mtu alihitaji kutetewa namna hiyo. Lakini kila zama huona maumivu ya zama zilizopita kuwa makubwa, na maumivu inayoyasababisha yenyewe kuwa madogo. Waliosimama kando ya vitanda vya wanawake wale nao walisema "vumilia kidogo", na walikuwa watu wema, wenye watoto wao nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Anayemtia mwenzake maumivu kwa nia njema anadaiwa mambo matatu, hata maumivu yawe mafupi kiasi gani. Anadaiwa asiyaite madogo kabla mwenye mwili hajasema. Anadaiwa ayapunguze kwa kila njia iliyo mkononi mwake, na muda ni mojawapo ya njia hizo. Na yale yasiyopunguzika, maana yapo, anadaiwa ayataje waziwazi na akae nayo pamoja na mgonjwa mpaka yaishe. Akishalipa hayo matatu, basi aseme "vumilia", na neno hilo litakuwa ombi la kweli baina ya watu wawili. Mgonjwa atalitimiza. Sisi watu wa huku hatujawahi kushindwa kuvumilia penye haja. Kinachotuchosha ni kuvumilishwa pasipo na haja, na mtu ambaye dawa anayo, na saa ukutani anayo.